Nia ya siku: inawekwaje ili isife kabla ya saa nne asubuhi?

Binti Rangi Tatu (mwanzisha mada)

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaolijua jambo hili kwa undani, si kwa kusikia.

Siku hizi kila kona unaambiwa ukiamka uweke nia ya siku: "leo nitakuwa mtulivu", "leo nitaishi kwa shukrani". Kuiweka si kazi. Kazi ni kwamba kufika saa nne imeshayeyuka, inakuja kukumbukwa kitandani usiku. Mazingira ni haya: kutoka Mbagala saa 11 na nusu alfajiri, mapokezi Posta kuanzia saa 2, simu hazikatiki, nyumbani saa 1 usiku, watoto wawili wa shule ya msingi. Sitafuti mbinu ya kufanya kazi nyingi zaidi. Nataka siku nisiipitie nimelala macho wazi.

Nia iandikwe au isemwe moyoni tu? Ziwe ngapi? Na jioni kuna cha kufanya, au ikishapita imepita?

Mnasihi wa Kinondoni

Dada, tatizo liko kwenye sentensi yenyewe. "Leo nitakuwa mtulivu" haisemi utulivu uanze wapi, kukitokea nini, na mwili ufanye nini. Kichwa chenye shughuli hakikumbuki sifa, kinakumbuka tukio.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliliandikia hili mwaka 1999. Alitenganisha lengo ("nataka kuwa mtulivu") na mpango wenye sura ya "ikitokea hivi, nitafanya vile". Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94, wakakuta kwamba mpango wa namna hiyo unaongeza kwa kiasi cha kutosha uwezekano wa mtu kutimiza alichokusudia. Tukio ukishalitaja mapema, likitokea unaliona haraka, na tendo linaanza bila wewe kukaa kuamua upya. Kwa mtu wa mapokezi hilo ndilo jambo kubwa, maana nafasi ya kuamua upya huna.

Sasa namna ya kuiunda. Tafuta sehemu moja ya siku inayokuponyoka kila mara. Kwa ratiba yako ziko wazi tatu: ndani ya gari asubuhi, simu ya mteja mkali, na dakika za kwanza ukiingia nyumbani. Chukua moja. Kisha tafuta kichocheo, yaani kitu unachokiona, unachokisikia au unachokigusa mwanzoni kabisa mwa sehemu hiyo. Kiwe kitu cha nje. "Nikijisikia vibaya" ni kichocheo kibovu kwa anayeanza, kwa sababu mpaka ugundue unajisikia vibaya umeshamjibu mtu vibaya. "Nikikaa kwenye kiti", "simu ikilia", "nikishika kitasa cha mlango", hivyo vinashikika.

Halafu tendo. Lisizidi dakika moja, na lianze na mwili: pumzi, miguu, mikono, macho. Mfano kamili: "Nikishakaa kwenye kiti cha gari, kabla ya kutoa simu, nitavuta pumzi tatu na kuitazama barabara." Pumzi moja ni kuingiza hewa kwa kuhesabu hadi 4 na kuitoa kwa kuhesabu hadi 6. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, pumzi tatu ni nusu dakika. Usihesabu kwa kasi ya konda. Kutoa kuwe kirefu kuliko kuingiza, kwa kuwa mapigo ya moyo hupungua wakati wa kutoa pumzi. Wanaovuta tu kwa nguvu bila kutoa taratibu ndio wanaolalamika kizunguzungu.

Kuhusu kuandika: andika usiku, soma asubuhi. Anayetoka saa 11 na nusu hana asubuhi ya kukaa na daftari, na nia inayotungwa huku unatafuta soksi za mtoto itakuwa ya jumla tu. Usiku dakika tatu zinatosha. Asubuhi isome kwa sauti ya chini mara mbili au tatu kabla hujafungua simu, na kila mara lione akilini tukio lenyewe: kiti, dirisha, mkono ukiwa bado haujaingia kwenye pochi. Hatua hiyo ndiyo watu wengi wanairuka. Kuyasoma maneno bila kuliona tukio hakusaidii sana.

Angalizo la usalama, maana tuko Dar: usifumbe macho ndani ya daladala. Pochi mapajani, mkono juu yake, macho yatazame kitu kimoja nje. Na anayeendesha bodaboda au gari afanye hayo akiwa amesimama pembeni, siyo kwenye mwendo.

Kongo na Msimbazi

Hayo ya kukaa kwenye kiti ni ya wafanyakazi wa ofisini. Sisi wa maduka ya Kariakoo saa 12 asubuhi mteja wa mkoani ameshasimama mlangoni na mzigo wake anautaka upande basi. Ila kanuni ni ileile, mnabadilisha kichocheo tu.

Kwa mfanyabiashara, kichocheo kizuri cha kwanza ni kufuli. Kila siku unalifungua, na kwa sekunde hizo hakuna anayekusemesha. Mkono ukiwa kwenye kufuli, pumzi tatu, ndipo uvute geti. Cha pili ni kufunga hesabu jioni.

Msichukue kichocheo kinachojirudia mno. Kuna wanaochagua "kila meseji ya muamala ikiingia". Meseji za muamala kwenye duka linalotembea zinaingia siku nzima. Kufika saa tano sikio limeshazizoea, huzisikii tena. Kadhalika kwa dada wa mapokezi: "kila simu ikilia" ni nyingi mno. Sema simu ya kwanza baada ya saa nne, au simu ya kwanza ukirudi kutoka chakula cha mchana. Kichocheo cha mara moja hadi tano kwa siku ndicho kinachodumu.

Wala msikifunge kwenye saa. "Saa 1 na nusu nitatulia" kwa mji huu ni kujidanganya. Saa 1 na nusu leo uko Uhasibu, kesho umekwama Bendera Tatu umesimama mguu mmoja. Kifunge kwenye kitu kinachotokea hata kama foleni imekula saa nzima.

Binti Rangi Tatu

Asanteni sana. Nimeandika nne, naomba mnisahihishie bila huruma:

1. Leo sitakasirika kazini.
2. Jioni nitakuwa pamoja na wanangu kikamilifu.
3. Bosi akiniita, nitavuta pumzi tatu kabla ya kujibu.
4. Nitashukuru kwa kila kitu.

Mwalimu wa Sinza

Bila huruma basi.

Ya kwanza ifute. Nia inayoanza na "sita-" inakupa kazi ya kuwinda hasira kutwa nzima uone kama imekuja. Mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake mwaka 1987 waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe. Wakashindwa kumtoa kichwani, na waliporuhusiwa kumfikiria baadaye walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa mwanzoni. Hasira ukiizuia kwa kuitaja inafanya vilevile. Taja la kufanya: "Mteja akipandisha sauti, nitakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili na kumwomba arudie tatizo lake taratibu." Faida yake ni mbili, maana wakati mteja anarudia, wewe unapumua.

Ya pili ni nzuri ila haina mlango. Neno "kikamilifu" ni mzigo: mtu aliyetoka kazini saa 1 usiku hana kikamilifu cha kumpa mtu. Ibadilishe iwe: "Nikishavua viatu mlangoni, simu nitaiweka juu ya kabati na kukaa na watoto dakika 10 kabla ya kuingia jikoni." Sasa hapa watu hukwama. Njaa ya watoto saa 1 usiku haingoji dakika 10, na chungu nacho kinasubiri. Kama chakula hakijaiva, zishushe ziwe dakika 3: kila mtoto akuambie jambo moja la leo, wewe ukimtazama usoni. Dakika 3 zinazotokea kila siku zinashinda dakika 10 zinazotokea Jumamosi. Simu iwekwe mbali na mkono, siyo kugeuzwa kifudifudi mapajani, kwa sababu ikitetemeka tu macho yameshahama.

Ya tatu ina kichocheo na ina tendo, lakini kipimo hakifai. Pumzi tatu ni nusu dakika. Bosi amekuita, umenyamaza nusu dakika unamtazama, atadhani umegoma. Hapo pumzi moja inatosha, na ianze na kutoa. Ukishatoa hewa yote, ya kuingia inakuja yenyewe, na hakuna anayeona. Au ivute mbele kidogo: "Nikisimama kutoka kwenye kiti kwenda kwa bosi, nitatoa pumzi moja ndefu." Safari ya hatua kumi inakuwa ndiyo nafasi yako.

Ya nne "kila kitu" ni sawa na hakuna kitu. Chagua mtu mmoja, jambo moja, na sababu yake: "Nikishuka kituoni jioni, nitamtaja moyoni mtu mmoja aliyenirahisishia leo na alichofanya." Hata konda aliyekushikia mzigo wakati unapanda anahesabika. Shukrani yenye jina inakulazimisha kuirudia siku yako kwa macho, na hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta toka mwanzo.

Na sasa lililo gumu: usichukue zote nne. Watafiti Amy Dalton na Stephen Spiller walionyesha mwaka 2012 kwamba mpango wa "ikitokea hivi" unasaidia ukiwa wa lengo moja. Malengo yakiwa mengi faida inapotea, kwa sababu kupanga mambo mengi kunamwonyesha mtu ugumu wake wote kwa mpigo, akakata tamaa mapema. Anza na moja. Kwa maoni yangu chukua ya watoto, maana ndiyo yenye kichocheo kisichobadilika. Viatu utavua kila siku.

Ustadh Magomeni

Naongeza kidogo. Hadithi ya kwanza katika mkusanyiko wa Bukhari, iliyopokewa kwa Umar ibn al-Khattab, ni kwamba matendo huenda kwa nia. Na kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii, walio wengi pwani hii, funga ya Ramadhani inatiwa nia kila usiku kabla ya alfajiri. Ya usiku wa kwanza haibebi mwezi mzima. Angalieni umbo lake: inafanywa upya kila siku, usiku wake, na kwa tendo moja linalojulikana. Kwa hiyo alichosema Mnasihi kuhusu kuandika usiku si kigeni kwetu.

Kwa anayeswali, vichocheo vitano anavyo tayari. Nia ya siku iwekwe baada ya salamu ya alfajiri, ukiwa bado umekaa kwenye mswala. Usiipachike ndani ya swala ukawa unapanga siku huku unasoma. Adhuhuri ukimaliza, jiulize tu kama kichocheo kimeshapita au bado kinakuja.

Mama Kigamboni

Na kwa Wakatoliki sala ya Malaika wa Bwana ipo asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Ile ya saa 6 inafaa sana kwa ukaguzi wa katikati, hata kama uko kwenye foleni ya kivuko umebanwa na matenga ya samaki.

Zamu ya Usiku

Naona hakuna aliyejibu swali la jioni, na mimi naona ndiyo nusu ya kazi. Wengi wanaifanya kuwa mahakama: "leo nimeshindwa tena". Ikishakuwa mahakama, baada ya wiki mtu hafungui daftari.

Jioni unafanya kazi ya fundi anayetafuta waya uliokatika. Maswali matatu, dakika tatu. Kichocheo kilitokea? Nilikiona? Nilifanya? Weka alama moja tu. Tiki kama ulifanya. Duara kama kilitokea na hukukiona. Mkato kama ulikiona ukakiacha kwa makusudi. Kistari kama hakikutokea kabisa. Usiandike maelezo, acha alama.

Baada ya siku saba zisome kwa pamoja. Maduara yakiwa mengi, kichocheo ni hafifu: kisogeze kwenye kitu cha kugusa, au weka alama ya kukumbusha mahali penyewe, mfano kipande cha utepe mwekundu kwenye kitasa. Utepe nao unazoeleka, kwa hiyo ubadilishie rangi au mahali kila baada ya wiki mbili hivi. Mikato ikiwa mingi, kichocheo ni kizima ila tendo ni kubwa kuliko nguvu ulizonazo saa hiyo, ligawe nusu. Dakika 10 ziwe 5, pumzi tatu ziwe moja. Vistari vikiwa vingi, ulichagua jambo ambalo halitokei mara kwa mara. Mtu anaweka nia kwa ajili ya kikao cha Jumatatu halafu anashangaa kwa nini Alhamisi hana kitu. Tiki zikiwa nne au zaidi kati ya saba, usiguse chochote, endelea.

Kosa la kawaida hapa ni kubadilisha kichocheo na tendo kwa wakati mmoja. Hutajua kipi kilikuwa kibovu. Badilisha kimoja, toa siku saba nyingine.

Vifaa: kaunta buku ni kubwa mno kwa kazi hii, linaishia kuwa la marejesho ya kikoba. Chukua kidaftari cha kuingia mfukoni na penseli. Sentensi ya siku iandike pia kwenye kipande cha karatasi ya manila, sentimita 8 kwa 5, ukiweke nyuma ya kava la simu au pale unapoweka nauli. Programu za simu zipo nyingi tu, lakini kuifungua simu ili ujikumbushe kutofungua simu, mimi sioni inakwendaje.

Kongo na Msimbazi

Hapo kwenye simu tutofautiane kidogo mkuu. Kwa asiyependa kuandika, alamu moja yenye jina la nia inafaa, ila iwe moja na iwe ya jioni kwa ajili ya alama zako. Ukiweka tano kwa siku, ndani ya siku chache kidole kinazizima kabla jicho halijasoma.

Binti Rangi Tatu

Hii ya alama nimeipenda. Inachukua muda gani mpaka jambo liwe la kawaida? Nasikia siku 21.

Mwalimu wa Sinza

Siku 21 isahau. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa na tendo moja dogo la kula, kunywa au mazoezi lililofungwa kwenye tukio la kila siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kwa wale ambao mwenendo wao ulipimika vizuri, kipimo cha kati kilikuwa siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: siku 18 kwa mmoja, makadirio ya 254 kwa mwingine. Tendo jepesi kama kunywa maji lilizoeleka mapema kuliko mazoezi. La kukutia moyo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mwenendo. Kwa hiyo ukilala bila kuweka alama, kesho endelea pale pale. Usianze kuhesabu upya kutoka moja.

Mnasihi wa Kinondoni

Narudi na moja muhimu. Haya yote ni kwa siku zinazopita ovyo. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo ni mzito, vitu ulivyovipenda havina ladha, usingizi au hamu ya kula imevurugika, hiyo inaweza kuwa sonona, na kadi ya manila haiitibu. Nenda kituo cha afya ueleze hivyo hivyo; hospitali za rufaa za mkoa, yaani Amana, Temeke na Mwananyamala, zipo, na Muhimbili kuna idara ya afya ya akili. Yakija mawazo ya kujidhuru, usisubiri wiki mbili, nenda siku hiyo hiyo na mtu unayemwamini.

Pia wapo ambao wakianza kuifuatilia pumzi wanazidi kupata hofu, kifua kinabana. Hao waiache pumzi. Watumie miguu: kukanyaga chini na kuhisi kisigino, unyayo, vidole, kwa zamu. Au masikio: sauti tatu zilizo mbali zaidi. Kazi inayofanyika ni ileile.

Binti Rangi Tatu

Nimebaki na hii moja: "Nikishavua viatu mlangoni, nitajaribu kuweka simu juu ya kabati na kuwasikiliza watoto dakika tatu." Swali la mwisho: Jumamosi na Jumapili sitoki, viatu sivui. Nipumzike?

Mwalimu wa Sinza

Toa "nitajaribu". Andika "nitaweka simu juu ya kabati na kuwasikiliza". Ukiacha neno hilo umeshajipa ruhusa ya mkato.

Wikiendi usipumzike, ila usitunge tendo jipya. Tendo liache hilo hilo, badili kichocheo tu: "Nikishaweka chai mezani." Andika kadi ya pili, uziweke pamoja, ya Ijumaa usiku na Jumamosi usiku itoke hiyo. Na sikukuu zikiangukia katikati ya wiki, tumia ya chai.

Zamu ya Usiku

Na wiki ya kwanza ya shule kufunguliwa usiihesabu kwenye alama zako saba. Asubuhi zinakuwa za sare na ada, jioni za kufunika madaftari. Tendo lifanye, alama weka, ila usibadilishe kitu kwa kuiangalia wiki hiyo.